Mafuriko ya Kambare

Mvuvi wa pwani humfuata samaki majini. Sisi wa bonde la Kilombero, upande wa Ifakara, tulikaa shambani tukangoja maji yamlete. Ndiyo maana mtu akiniambia kambare ni samaki wa mtoni, humwachia aendelee, lakini moyoni nakataa. Mtoni alikuwa akipitishia kiangazi tu. Mambo yake makubwa, kuoana, kuzaa, kunenepa na mara nyingi hata kufa kwake, aliyafanyia juu ya ardhi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa na vumbi na majivu ya nyasi zilizochomwa.

Bonde lenyewe limelala kati ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge. Ruhudji, Mnyera na mito mingine hushuka kutoka nyanda za juu na kuungana kuwa Kilombero, na maji ya Kilombero ndiyo zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji. Mito hiyo huja kwa kasi, kisha hufika kwenye nchi tambarare isiyo na mteremko wa kuisukuma mbele. Basi maji hutanda. Mwezi wa Aprili ukisimama Kivukoni, enzi za pantoni, mto ulikuwa huuoni. Uliona maji mpaka upeo wa macho, vichwa vya matete vimechomoza, na mahali mto ulipopita ulipajua kwa kutazama magogo yaliyokuwa yakienda mbio.

Baada ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 nyumba zetu zilikuwa kijijini, kando ya barabara, lakini mpunga haukuhamishwa. Ulibaki mbugani. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikianza kukolea, familia ilifunga mizigo ikahamia shambani mpaka mavuno: masufuria, kuku, mtungi, chandarua kwa aliyekuwa nacho, na sisi watoto. Tulilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Shule ilikuwa mbali, na walimu walikuwa wameshazoea. Daftari la mahudhurio la Machi lilikuwa na nafasi nyingi tupu. Baba alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, hivyo mkubwa wa shamba alikuwa bibi, mzaa mama, na mkubwa wa maji alikuwa mjomba, mdogo wake mama.

Mjomba hakuhangaika na mawingu ya juu yetu. Mvua ya hapa, alisema, ni ya mpunga. Mvua ya kambare inanyesha milimani. Alichokingoja ni maji mapya, yale mazito ya rangi ya chai ya maziwa, yanayopanda kimyakimya na kuleta harufu ya nyasi zilizozama. Baadaye nilikuja kusoma kwamba alikuwa sahihi kabisa. Jike la kambare linaweza kuwa na mayai yaliyokomaa tumboni kwa muda mrefu na lisitage. Maji ya mtoni, hata yawe mengi namna gani, hayamtoshi. Anataka maji yanayopanda na kufunika ardhi iliyokuwa kavu, penye nyasi fupi za kushikia mayai na wadudu wengi wa kulisha watoto, na pasipo samaki wakubwa waliokwisha kuweka makao.

Usiku wa kuingia kambare ulijulikana kwa sauti. Chini ya dungu, kwenye majaruba ambayo jioni yalikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, kulianza kupigwapigwa: chubwi, kimya, halafu chubwi nyingi kwa mpigo, zikisambaa mpaka kwa jirani. Mjomba aliamka kabla ya mbwa. “Dada, wameingia.” Hakusema zaidi ya hapo. Mama aliwasha chemli, sisi tukapewa mienge ya matete makavu, watu wazima wakashuka na mapanga.

Maji yalikuwa mafupi kuliko samaki. Migongo ilikuwa nje. Kambare wa urefu wa mkono wa mtu mzima walisota katikati ya mashina ya mpunga, wakipinda huku na huku, wawili wawili, na hawakutukimbia. Samaki ambaye mchana hukwepa hata kivuli cha mtumbwi, usiku huo ulimkanyaga. Tulidhani wanapigana. Kumbe dume hujipinda akakizunguka kichwa cha jike, wakatulia hivyo kwa sekunde chache, jike akamwaga mayai na dume mbegu, kisha jike akapiga mkia kuyatawanya. Mayai yananata. Yakigusa jani la mpunga au ukoka uliozama, hapo hapo yanabaki.

Tuliwakata. Na tuliwapendelea majike, kwa kuwa mayai ya kambare yakikaangwa na kitunguu hayana mfano. Watu wanaonilaumu kwa hilo huwa wameshiba. Jike mmoja mkubwa hubeba makumi ya maelfu ya mayai, na bonde lilikuwa na majaruba na mbuga zisizo na mwenye panga hata mmoja. Aliyekufa kwetu ni aliyekosea shamba.

Kulipokucha hapakuwa na dalili ila utelezi kwenye mashina na mpunga uliolala hapa na pale, jambo lililomkera bibi. Wazazi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye maji marefu. Kambare halindi kiota wala hatazami nyuma. Mayai ameyaachia nyasi, na kwa joto la bondeni siku moja au moja na nusu inatosha kuyaangua. Wiki chache baadaye, tukiinama kung'oa magugu, tuliona vitoto vya urefu wa ukucha, vyeusi, tayari vina sharubu.

Bibi alikuwa na neno lake la ukoo wa kambare: baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu. Linajulikana nchi nzima, na kazi yake ni kuisema nyumba isiyo na mkubwa, ambako kila mtu ni msemaji. Bibi alilitumia hasa kwetu sisi tulipoingilia mazungumzo ya watu wazima. Kwa kambare wenyewe naona ni neno la upole mno. Vitoto vya kambare hulana. Aliyemzidi nduguye kidogo tu humshika mkia akaanza kummeza, na ndiyo maana wafugaji wa siku hizi huwachambua kwa ukubwa kila baada ya muda, wanene huku na wadogo kule, la sivyo bwawa la mamia linabaki na majambazi wachache walioshiba.

Mambo ya ndani ya kambare niliyajua nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wa biolojia aliagiza tumletee kambare hai, amri rahisi kuliko zote alizowahi kutupa. Alikata fuvu kwa pembeni, akafunua juu ya matamvua, akatuita mmoja mmoja. Kila upande kulikuwa na chumba, na ndani yake vinyama vyekundu vyenye matawimatawi kama koliflawa. Hewa ambayo kambare huipiga funda juu ya maji huingia humo, na damu huchukua oksijeni moja kwa moja. Matamvua anayo na anayatumia. Lakini maji yakipata joto, yakioza kwa majani na kuishiwa hewa, samaki wengine wanakuja juu wakihema mpaka wanageuka matumbo. Kambare yeye anazidisha tu safari za kwenda juu.

Siku ile ndipo nilipoelewa kazi ya mjomba ya kukaa kando ya kidimbwi kilichofunikwa na magugu, hana ndoana wala wavu mkononi, anatazama tu. Alikuwa akisoma mapovu. Kambare akienda juu hutema hewa chakavu kwanza, na mapovu yake makubwa yanapasuka kwa pamoja, tofauti na yale madogo ya matope yanayopanda kwa mstari. Kwa mapovu hayo alijua kama kidimbwi kinafaa kutolewa maji au kinangoja mwezi mwingine.

Hewa hiyo hiyo ndiyo iliyompa uwezo wa kutembea. Usiku wa mvua au wa umande mzito, kambare aliyebanwa na kidimbwi kinachokauka hutoka. Husimamisha miiba ya mapezi yake ya kifuani, akaichomeka ardhini upande huu na upande huu, na mwili ukipinda kufuata, akaenda. Tuliona mburuzo wake kwenye tope asubuhi, na mara nyingine mbwa walimkuta njiani, yuko mbali na maji, nyasi zimemganda mwilini, mzima wa afya.

Mama aliwapeleka sokoni Ifakara wakiwa hai ndani ya gunia lililoloweshwa. Shangazi wa Mlimba alipelekewa wake kwa treni, kwa gunia hilo hilo, chini ya kiti cha daraja la tatu. Safari moja kamba ililegea. Sitasahau abiria wazima, wengine na vitenge vya sherehe, wamesimama juu ya viti, na kambare wanasota sakafuni kuelekea mlangoni kama waliojua kituo chao.

Kumshika kambare kuna namna yake. Hana magamba, ana ngozi na ute, na ute ule haumalizwi na maji. Bibi alimsugua kwa majivu mpaka ngozi ikakwaruza mkononi. Miiba ya kifuani ikisimama hujifunga wima, huwezi kuilaza kwa kuisukuma, na ikikuchoma unauguza kidole mchana kutwa. Mjomba alitufundisha kumkamata nyuma ya kichwa, vidole vikipita nyuma ya miiba. Mkali zaidi alikuwa ngogo, jamaa yake mdogo mwenye mwiba mwingine mgongoni, ambaye ukimtoa majini hulia. Analia kweli, kwa kusugua mizizi ya miiba yake kwenye kikombe cha mfupa. Na kitoga, mwenye pezi laini la mafuta karibu na mkia, alikaa kwenye kina cha mto na hakupanda kwetu mashambani. Huyo ndiye samaki wa mto. Bei yake sokoni ilikuwa juu, na kwa ladha alistahili.

Sharubu za kambare ni nane, jozi nne, na kila moja inaonja. Bondeni maji yana rangi ya udongo na yeye hutoka usiku, kwa hiyo macho yake madogo hayana kazi kubwa. Mjomba alishikilia kwamba kambare anamsikia nyungunyungu hata ukimzika kwenye tope. Tulimcheka. Lakini mwaka 1963 wataalamu wawili wa Cambridge, Lissmann na Machin, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ngozi ya kambare inahisi umeme hafifu, na umeme wa namna hiyo ndio unaotoka kwenye misuli ya kila kiumbe hai kinachojinyonganyonga. Shambani kwetu hapakuwa na umeme wa aina yoyote, kumbe uliokuwepo ulikuwa chini ya maji.

Chakula hakichagui. Nyungunyungu, wadudu, konokono, samaki wadogo, vyura, mbegu za majani, mzoga, vyote vinapita. Mjomba alikuwa akiweka kipande cha sabuni ya mche kwenye ndoana, na kambare alikipenda kwa mafuta yake. Bibi alikuwa akihesabu sabuni zake kila jioni.

Mwezi wa Mei maji yalianza kurudi, na hapo ndipo kazi ya wanaume ilipoanza kweli. Kila mfereji uliorudisha maji mtoni ulikuwa na mwenyewe, anajulikana tangu kwa babu yake. Aliuziba kwa wando wa matete yaliyosukwa, akaacha milango, na kwenye kila mlango akatega mgono. Samaki walioingia wakiwa wanene wa mayai au wadogo wa ukucha walitoka wakiwa wameshiba msimu mzima wa mpunga wetu, na walikutana na mgono. Waliochelewa walibaki kwenye vidimbwi. Hao walikuwa fungu la wanawake na watoto: tuliteka maji kwa ndoo, tukakanyaga tope mpaka kiunoni na vikapu visivyo na matako, ukikifunika kitu kinachotikisika unaingiza mkono kwa juu. Korongo walisimama pembeni wakingoja zamu yao, na hawakuwa na haya.

Kilichobaki kilikuwa moshi. Kambare alipasuliwa mgongoni, mkubwa akakunjwa duara, mkia mdomoni, akachomekwa mti, akabanikwa juu ya uchanja siku mbili au tatu kwa kuni za mwitu zisizo na harufu kali. Mafuta yake yalidondoka motoni usiku kucha. Akikauka sawasawa huwa mweusi unaong'aa na hukaa miezi. Wachuuzi walikuja na matenga, wakawabeba mpaka stesheni, na kutoka hapo walikwenda Dar es Salaam na Makambako.

Ifakara ni mji wa Wakatoliki wengi, na Kwaresima huangukia katikati ya maji. Nyama imekatazwa Ijumaa, mto umejaa, mboga za majani zimezama. Ungedhani kalenda ya kanisa ilipangwa na mtu wa bondeni. Tulikula kambare wa nazi, kambare wa karanga, kambare mkavu aliyepondwa na bamia. Jirani yetu Msabato hakumgusa, kwa kuwa Walawi inakataza samaki asiye na magamba, naye alikuwa na shamba lililoingiza kambare kuliko yetu sote. Alituachia tuvue kwake bure. Mama alimlipa kwa perege.

Mafuriko makubwa kuliko yote niliyoyaona ni ya El Nino, msimu wa 1997 kuingia 1998. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi Morogoro, nikaenda kuwatazama wazee. Maji yalipanda mahali ambapo bibi hakuwahi kuyaona. Mpunga ulikwisha. Lakini kambare wa miezi iliyofuata! Watu walivua uani. Mjomba, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, alipelekewa mgono wake mlangoni.

Tangu hapo bonde limebanwa. Mashamba yameshuka hadi kwenye kingo za mto, mifugo mingi iliingia, maji ya vijito yanakingwa huko juu kwa umwagiliaji, na nyavu za matundu madogo zinakomba vitoto ambavyo zamani mgono uliviachia. Mwaka 2002 bonde liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilomita za mraba 8,000. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa, pantoni ikapumzika. Daraja nalishukuru kila ninapovuka. Hata hivyo naona watu hulaumu nyavu haraka mno. Kambare ni mgumu kumaliza kwa kumvua. Ukitaka kummaliza, zuia maji yasitande: weka tuta refu kati ya mto na shamba, naye atakaa mtoni na tumbo lake la mayai mpaka yamnyauke humo humo.

Hilo nililiona waziwazi katika kituo kimoja cha kutotolea vifaranga karibu na Morogoro. Mdogo wangu alitaka kuchimba bwawa, nikaenda kuulizia bei, na mama akasema hawezi kubaki nyumbani watu wanapokwenda kuuza kambare kwa hesabu ya vichwa. Kijana wa kituo alimwamkia, “Shikamoo bibi,” akaitikiwa, akaanza kutueleza. Kambare wa bwawani hukomaa vizuri ila hatagi, kwa kuwa hakuna mafuriko. Basi jike huchomwa sindano ya homoni, au maji ya tezi iliyotolewa kwenye ubongo wa kambare mwingine. Baada ya saa kumi hivi, kutegemea joto, hukandwa tumbo na mayai yanamiminika kwenye beseni, ya kijani kibichi kilichofifia. Dume hakamuliki. Lazima auawe, apasuliwe, mbegu zake zikamuliwe juu ya mayai na kukorogwa kwa unyoya wa kuku.

“Kwa hiyo sindano ndiyo mvua,” mama alisema.

“Ndiyo, bibi.”

“Na dume mnamuua.”

“Inabidi, bibi.”

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa tangi. “Sisi tulikuwa tunaua jike.”

Alibishana bei ya vifaranga akapunguziwa. Ndani ya basi, mfuko wa maji ukiwa mapajani mwake, aliniagiza nimwambie mdogo wangu azungushe bati kwenye bwawa, kimo cha goti, kwa sababu mvua ya kwanza hao wataondoka kwa miguu. Mdogo wangu aliweka bati pande tatu. Upande wa nne unatazama majaruba ya jirani, na jirani hajalalamika.